Mapishi ya Jioni Luzira: Nunua cha Msimu, Washa Jiko Mara Moja

Swali linalonifikia mara nyingi kuliko yote, hasa kuanzia mwezi wa sita, ni hili: nipike nini nikitoka kazini, kisichokaa motoni saa mbili? Wanaouliza hapa Luzira, Kampala, ni askari magereza wanaotoka zamu, vijana wa viwanda vya Port Bell Road, kina mama wanaofunga vibanda magharibi, na wazazi waliokwama kwenye msongamano wa magari pale Nakawa mpaka saa moja na nusu usiku. Nyumbani watoto wana njaa, na kesho ni shule. Wengi huishia kupasha maharage ya jana, au kununua rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) barabarani, moja kwa kila mtoto.

Hakuna ubaya kwa siku moja moja. Ila kufanya hivyo Juni mpaka Agosti ni hasara, kwa sababu huu ndio wakati mazao ya mvua za Machi yanapoingia sokoni. Maharage mabichi yapo, mahindi mabichi yapo, viazi vitamu, malenge na maembe pia. Na mazao haya yakiwa mabichi huiva upesi. Maharage makavu yatakuweka jikoni saa mbili. Yale yaliyotoka kwenye maganda leo, dakika 40 au pungufu. Kwa hiyo jibu langu kwa wote ni moja: wepesi wa chakula cha jioni unaanzia kwenye kikapu chako cha sokoni. Mapishi yenyewe ni mafupi.

Uende sokoni vipi

Kosa ninaloliona sana ni mtu kuamua akiwa kazini kwamba leo ni sato na mboga ya nakati, kisha anafika sokoni usiku unaingia, sato amekaa juani tangu asubuhi, nakati imenyauka, na bado ananunua kwa sababu alishaamua. Nenda ukiwa na nafasi nne tu kichwani: cha kushibisha, cha kitoweo, majani, tunda. Kinachojaza nafasi hizo kiamuliwe na meza za wauzaji.

Gawa ununuzi wako mara mbili:

- Mwisho wa wiki, Nakawa: viazi, matoke, malenge, vitunguu, tangawizi, karanga. Ni vitu vizito na vinakaa.
- Katikati ya wiki, Kitintale au vibanda vya hapa hapa Luzira: nyanya, majani, samaki, maharage mabichi. Nunua cha siku moja, sana sana mbili.

Mahindi mabichi yana kipimo chake. Funua ganda kidogo, bonyeza punje kwa ukucha. Ikitoa maziwa, hayo ni ya kuchemsha au kupukuchua uchanganye na maharage. Ukucha ukigoma kuingia, yamekomaa mno, mwachie mchomaji. Maharage mabichi chagua maganda yaliyoanza kugeuka rangi na yaliyojaa, ambayo ukiyapapasa unahisi kila punje. Maganda ya kijani kibichi kabisa yatakupa punje ndogo na kazi kubwa ya kumenya.

Sigiri moja inatosha

"Mimi sina gesi, nina sigiri moja tu." Nawasikia, na wengi wetu tuko hivyo. Mkaa nao umekuwa kitu cha kuhesabu. Tangu Mei 2023, Rais Museveni alipotoa amri ya kuzuia mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi, hakuna anayewasha moto bila kufikiria gunia litaisha lini. Kwa hiyo washa mara moja na uutumie wote.

1. Washa sigiri kabla ya kubadili nguo. Mkaa unachukua dakika 15 hadi 20 kushika vizuri. Hapo ndipo unapochambua majani, unamenya vitunguu na kuosha samaki.
2. Kinachohifadhi joto kitangulie. Posho (ugali), viazi na matoke vikifunikwa na kufungwa kwa kitambaa kizito vinakaa na moto nusu saa bila shida.
3. Kitoweo kifuate.
4. Majani yawe ya mwisho kabisa, kwa makaa yaliyobaki.
5. Moto unaobaki baada ya hapo ni wa kesho: chemsha maji uyaweke kwenye chupa ya chai.

Watu wengi hufanya kinyume, wanaanza na samaki kwa sababu ndiye wanayemtamani, halafu anapoa na kukauka wakati posho linasongwa.

Onyo ambalo sitachoka kulirudia: sigiri isiingie chumbani milango na madirisha yakiwa yamefungwa, hata kama ni kiangazi chenye baridi ya ziwa usiku. Gesi ya kaboni monoksaidi haionekani wala hainuki, na huua watu wakiwa usingizini. Pikia nje au penye upepo, na ukimaliza usiivute ndani ili kupasha chumba joto.

Jioni ya sato

Tunakaa ukingoni mwa Ziwa Victoria, kwa hiyo hatuna sababu ya kula samaki aliyechoka. Ukipata nafasi ya kupita mwaloni asubuhi, au kumwagiza jirani anayepita, fanya hivyo. Kabla ya kulipa:

- Fungua mashavu. Matamvua yawe mekundu. Yakiwa ya kijivu au kahawia, rudisha.
- Jicho liwe limetokeza na linang'aa.
- Bonyeza mnofu kwa kidole. Ukirudi juu, ni mzima. Shimo likibaki, mwache.
- Harufu iwe ya ziwa. Muuzaji akimwagia maji kila dakika chache, nusa tena.

Usinunue samaki mchanga hata kwa bei ya kutupa. Sheria ya Uganda inakataza sato wa chini ya sentimita 28 na sangara wa chini ya sentimita 50, na sababu unaijua: yule mdogo hajazaa bado. Anayenunua ndiye anayemrudisha mvuvi majini na nyavu za macho madogo.

Mapishi yenyewe ni ya dakika 20. Mwambie muuzaji amparue magamba na kumtumbua. Wanafanya upesi kuliko wewe. Nyumbani mchanje mistari mitatu kila ubavu, mpake chumvi, ndimu na tangawizi iliyopondwa. Kwenye sufuria pana kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, tia nyanya nne zilizokatwa na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, ziache zilainike ziwe rojo. Mlaze samaki juu, mmwagie rojo mgongoni kwa mwiko, tia nusu kikombe cha maji, funika. Dakika sita upande mmoja, sita upande wa pili, kwa moto wa wastani.

Makosa matatu hapa: kumgeuza mara nyingi mpaka anavunjika, kutia nyanya na samaki pamoja, mchuzi ukabaki mchachu na mbichi, na kumwacha motoni "kwa usalama" mpaka mnofu unakuwa mkavu. Mnofu ukiachana na mfupa mkubwa wa katikati bila kuvuta, ameiva.

Kama ni mwisho wa mwezi na sato hafikiki, mgongo wazi wa sangara, yaani mfupa uliobaki baada ya kukatwa minofu, unatoa mchuzi mzito wenye ladha kuliko minofu yenyewe. Upike hivyo hivyo, uongeze maji kikombe kimoja, na uwaambie watoto wale polepole kwa sababu ya miiba.

Maharage mabichi na mahindi

Hiki ndicho chakula cha msimu huu hasa, na ndicho ninachokisisitiza kwa kila anayeniuliza. Wakikuyu wanakiita githeri, Tanzania ni makande; lakini vyote viwili kwa kawaida hupikwa kwa mahindi na maharage makavu, ndiyo maana watu wanaviogopa siku ya kazi. Vikiwa vibichi ni chakula kingine kabisa: laini, kitamu, chenye sukari yake yenyewe.

1. Menya maharage kwenye maganda. Wape watoto kazi hii. Wanaipenda na inawaondoa jikoni.
2. Yabandike kwenye maji yanayoyafunika vidole viwili. Yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 za mwanzo. Hili si pendekezo. Maharage, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili inayoumiza tumbo vibaya, na inavunjwa na mchemko mkali. Moto wa chini hautoshi.
3. Punguza moto. Baada ya dakika 20 hivi onja moja. Likianza kulainika, tia punje za mahindi na uache dakika 15.
4. Pembeni, au kwenye sufuria hiyo hiyo baada ya kumwaga maji ya ziada, unga kwa kitunguu, karoti, nyanya na kijiko cha bizari.

Nyanya zisitangulie. Uchachu wake huyafanya maharage yagome kulainika, na hapo ndipo utakaposikia watu wakilalamika kwamba maharage ya msimu huu ni magumu.

Pika maradufu. Nusu ya leo iliwe na parachichi na kachumbari. Nusu ya kesho iongezewe maji, iwe mchuzi wa chapati au posho. Aliyezoea mapishi ya pwani atataka tui. Nazi hapa Kampala inapatikana, lakini karanga za kusagwa zinafanya kazi hiyo vizuri, na zinatoka hapa hapa nchini.

Mukene kwa karanga

Mukene, dagaa wa ziwa letu, wanadharauliwa na watu ambao wamewala na mchanga. Wasafishe vizuri, uone. Nunua waliokaushwa kwenye chanja kama wapo. Walioanikwa chini huja na ufukwe mzima. Wawe wang'avu kama fedha na wakavu wa kukatika. Waliogeuka manjano mafuta yao yameharibika, na hakuna kiungo kitakachoficha.

Kuwaosha ndiko kwenye siri. Tumia beseni lenye kina na maji ya vuguvugu. Wakoroge kwa mkono, subiri kidogo, kisha wainue kwa vidole na kuwaweka kwenye chombo kingine. Usimimine. Ukimimina, mchanga uliotua chini unarudi nao. Badili maji, rudia mpaka chini ya beseni pawe safi; mara tatu kwa kawaida hutosha. Wachuje, wakaange kwenye mafuta kidogo mpaka walie kwenye kikaango, watie kitunguu na nyanya, kisha karanga zilizolainishwa kwa maji ya moto.

Kuhusu karanga, angalieni jambo moja linalowachanganya wengi. Karanga mbichi zilizosagwa, zile za unga wa waridi, zinataka kuchemka polepole nusu saa au zaidi, la sivyo mchuzi unakuwa na ladha ya ubichi na tumbo linalalamika. Karanga zilizokaangwa kabla ya kusagwa, au odii ya watu wa kaskazini iliyochanganywa na ufuta, zinataka dakika 10 tu. Kwa siku ya kazi chukua hizi za pili.

Na chagueni karanga nzima mkasagiwe mkiona. Zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye uchungu huenda zina sumukuvu, na sumu hiyo haifi kwa kupikwa. Karanga zilizokwishasagwa na kuwekwa kwenye beseni haziwezi kuchambuliwa tena.

Katogo si cha asubuhi tu

Watu wa hapa wamezoea kula katogo, yaani matoke na kitoweo katika sufuria moja, kama kifungua kinywa, lakini ni chakula cha jioni kizuri kuliko matoke ya kufungwa kwenye majani, ambayo ni ya siku ya mapumziko. Paka mafuta mikononi utomvu usikushike, menya matoke, yalaze kwenye sufuria na kitunguu, nyanya, chumvi na maharage mabichi yaliyokwisha kuiva jana. Maji yafikie nusu ya ndizi, funika, dakika 30. Mwishoni tia dodo, yaani mchicha, lililokatwa. Sufuria moja, sahani moja. Ukiwa na utumbo au nyama, chemsha peke yake kwanza mpaka ilainike. Ukiitia mbichi, ndizi zitavurugika kabla nyama haijaiva.

Majani, na yalikotoka

Dodo, nakati na majani ya malenge ndiyo mboga za kila siku. Kiangazi kikikaza, mashamba ya vilimani hukauka na majani hupanda bei; mengi huwa yanatoka mabondeni. Hapo tafadhali muulizeni muuzaji ametoa wapi. Sisi wa Luzira tunapakana na kinamasi cha Nakivubo, kinachopokea maji machafu ya katikati ya jiji kabla hayajaingia Ghuba ya Murchison, na watafiti wamekuta metali nzito kwenye majimbi yanayolimwa humo. Kuosha kunaondoa udongo na vijidudu. Metali iliyokwisha kuingia ndani ya mmea haiondoki kwa maji wala kwa moto. Kama una kibaraza, gunia la udongo lenye dodo linakutosha: mbegu ni rahisi, na baada ya wiki tatu au nne unaanza kuchuma.

Kupika ni kufupi sana. Osha kabla ya kukata, si baada. Kitunguu, mafuta kidogo, majani, chumvi, bila maji. Dodo dakika 4, nakati 6 au 7. Yakigeuka rangi ya chai ya mkandaa, umeyachelewesha.

Maswali mnayoyarudia

*Watoto hawali mboga.* Wape nakati mara chache, maana ina uchungu wake. Anza na dodo ndani ya mchuzi wa karanga, au malenge yaliyopondwa ndani ya maharage. Na wawe wamechangia kuchambua. Mtoto aliyemenya maharage huyala.

*Sina friji.* Basi pika cha leo na kesho tu. Maharage yaliyobaki yachemshe tena kabla ya kulala, yafunike bila kuyafungua, yachemshe tena asubuhi, yaliwe jioni hiyo hiyo ya pili. Yakitoa povu au harufu ya uchachu, mwaga. Wali uliolala nje usiku kucha usiupashe: kuna bakteria wanaoacha sumu ndani yake ambayo moto hauiondoi. Wali upikwe wa kuisha.

*Na nyama?* Nyama ya ng'ombe ya kulainika si ya siku ya kazi. Ukiitaka, ichemshe Jumapili, uitumie Jumatatu. Mayai mawili matatu yaliyovunjwa kwenye nyanya na pilipili hoho yanaokoa jioni yoyote.

*Jioni ambayo siwezi hata kuwasha moto?* Chemsha viazi vitamu na mayai asubuhi wakati wa chai. Jioni ongeza parachichi, kachumbari yenye ndimu nyingi, na embe. Ni chakula kamili, na mwezi wa saba hakuna kinachozidi ladha yake. Viazi viache na maganda yake mpaka wakati wa kula.

Wiki yako ya kwanza

Usijaribu kubadili kila siku. Jumapili, wakati mkaa umeshika, chemsha maharage mabichi na mahindi. Hapo Jumatatu yako imeshapikwa. Jumatano tafuta samaki, ukimkosa aliye mzima rudi na mukene. Siku zilizobaki endelea na ulichozoea.

Maharage mabichi na mahindi ya maziwa hayangoji: kufikia katikati ya Agosti sehemu kubwa huwa yamekauka mashambani, na hayatarudi kwa wingi mpaka mazao ya mvua za Septemba yakomae. Yakiwa mezani kwa muuzaji wiki hii, yanunue wiki hii.